Ndege Ndogo na Hewa Nyepesi: Majira ya Kuruka katika Nyanda za Juu

Mtu akisimama karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, asubuhi ya Jumamosi katika mwezi wa Februari, ataona ndege ndogo za watu binafsi zikiruka mapema, jua likiwa bado halijapanda sana. Rubani mwangalifu mwenye ndege iliyojaa abiria na mafuta hapendi kuiondosha saa nane za mchana. Mgeni aweza kudhani kwamba anakimbia joto kwa ajili ya starehe yake. Sababu yenyewe imo katika hewa.

Nairobi ina desturi ya zamani ya kuruka kwa burudani. Chama cha Aero Club of East Africa kilianzishwa huko mwaka 1927, na makao yake yamo katika uwanja huo wa Wilson. Wanachama wa vyama vya namna hii hukutana, hubadilishana maarifa, na hufunga safari za mwisho wa juma kwenda mbugani au pwani. Hayo hufanyika popote duniani. Lakini uwanja wa Wilson uko mita 1,690 hivi juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo hubadili hesabu zote.

Yafaa ieleweke kwamba bawa la ndege hupata nguvu ya kuinuka kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikiwa nyepesi, kinachosukumwa ni kidogo. Katika usawa wa bahari, joto likiwa nyuzi 15 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225. Nairobi, asubuhi yenye nyuzi 14, hubaki karibu kilo 1.00, alasiri yenye nyuzi 28 hubaki kama kilo 0.96. Hasara hiyo hupiga mahali patatu kwa pamoja: bawa hupungukiwa na nguvu ya kuinua, pangaboi hupungukiwa na hewa ya kusukuma nyuma, na injini ya kawaida, ambayo haina mtambo wa kuishindilia hewa, hupungukiwa na oksijeni ya kuunguzia petroli.

Na tuchukue mfano. Ndege iliyohitaji mwendo wa kilomita 100 kwa saa ili iache ardhi kule pwani, itahitaji kilomita 113 Nairobi wakati wa alasiri. Nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Kwa hiyo, hata kama injini ingekuwa na nguvu zake zote, ndege ingehitaji kukimbia umbali mkubwa zaidi kwa asilimia 28. Injini nayo imepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Ukiyajumlisha hayo, mahali palipotosha mita 300 sasa huhitaji karibu mita 500.

Hapa pana mtego kwa rubani aliyefunzwa Malindi au Dar es Salaam. Kipimamwendo cha ndege hufanya kazi kwa kanieneo ya hewa inayokipiga, basi kitaonyesha kilomita 100 katika viwanja vyote viwili. Lakini macho yake yataona ardhi ikipita kwa kasi asiyoizoea. Akiyaamini macho, atainua pua ya ndege kabla ya wakati. Ndege itanyanyuka kidogo, itakosa nguvu ya kupanda, na miti ya mwisho wa uwanja iko mbele yake.

Marubani wana kanuni rahisi ya kukadiria hali hiyo. Kwa kimo cha Wilson, joto la wastani katika jedwali la kimataifa ni nyuzi 4. Kila nyuzi moja inayozidi hapo huhesabiwa kama mita 37 za kimo. Alasiri ya nyuzi 28 huongeza mita 888, na ndege hujiendesha kana kwamba inaondokea mahali penye mita 2,570 hivi: juu kuliko kilele cha vilima vya Ngong, ambacho kina mita 2,460 hivi! Dawa ni kuchukua mafuta machache au kupunguza abiria. Hesabu si ngumu; kazi ni kumwambia rafiki aliyekwisha funga mkanda kwamba ateremke.

Je, si afadhali basi kungoja kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa inapokuwa baridi na nzito? Kwa injini, naam. Lakini miezi hiyo upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo hupanda pamoja na mwinuko wa nchi, hupoa, na kutandaza mawingu mazito ya chini juu ya Nairobi. Aghalabu hayaachani mpaka asubuhi imekwisha. Rubani anayeongozwa na macho yake tu hana budi kukaa chini akinywa chai, maana vilima vya Ngong vimefichika. Masika ina dhoruba zake, nazo hazihitaji maelezo marefu.

Joto linalomsumbua mwenye injini, hata hivyo, ndilo chakula cha asiye na injini. Huko Iten, ukingoni mwa Bonde la Kerio, penye mita 2,400 hivi, watu huruka kwa parachuti zenye umbo la bawa, hasa kati ya Januari na Machi. Sakafu ya bonde, iliyo chini kwa zaidi ya mita 1,000, hupashwa moto na jua la kiangazi. Hewa iliyoigusa hupanda kama nguzo. Ikiwa kavu, hupoa kwa nyuzi 1 hivi katika kila mita 100, na huendelea kupanda maadamu ina joto kuliko hewa iliyo kando yake. Mrukaji huzunguka ndani ya nguzo hiyo na kupandishwa nayo, kisha huvuka kwenda kutafuta nyingine. Naye pia huangalia saa: mchana ukiendelea nguzo hizo huwa kali mno, na mawingu yakianza kurefuka kwenda juu hutafuta shamba lililo wazi akashuka.