Ukungu wa Ukutani na Kikohozi cha Mtoto

Kila masika, Machi hadi Mei, wodi yetu ya watoto hujaa vikohozi. Wengi wana mafua tu, baadhi wana nimonia. Lakini wapo wachache wanaotusumbua akili: wakilazwa hupata nafuu upesi, wakirudi nyumbani wanaanza upya.

Mama mmoja alituletea mtoto wake wa miaka 4 mara tatu ndani ya wiki sita. Mara mbili za kwanza tulimpa dawa ya nimonia, akaenda zake. Mara ya tatu ndipo tulipouliza jambo tulilopaswa kuuliza siku ya kwanza: “Mama, mtoto analala wapi?” Chumba cha nyuma, akasema. Kitanda kimegusa ukuta, na ukuta umeota weusi tangu bati lilipoanza kuvuja. Tukasikiliza tena kifua. Kilikuwa kinapiga miluzi wakati wa kutoa pumzi. Mtoto alikuwa na pumu.

Weusi ule ni kuvu. Huota penye unyevu na kurusha hewani mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho. (Unga mweupe unaoyeyuka ukilowanishwa ni chumvi ya ukutani, siyo kuvu, ingawa nao huonyesha kwamba ukuta una maji.) Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupata zaidi kikohozi, miluzi ya kifua na pumu. Wala si shida ya nyumba za udongo peke yake. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2 alifariki Desemba 2020, na uchunguzi wa mwaka 2022 ukathibitisha kuwa chanzo ni ukungu wa nyumba ya kupanga, ambao baba yake alikuwa ameulalamikia kwa muda mrefu.

Basi tufanyeje? Kwanza tafuteni maji yanatoka wapi: bati, mfereji uliobomoka, maji ya mvua yanayosimama kando ya msingi, au nguo mbichi zinazoanikwa chumbani. Akina baba wengi hukimbilia kupaka rangi juu ya weusi. Ni fedha ya bure. Ukuta ukibaki na maji, kuvu hutokeza tena.

Maji yakishazuiwa, mtoto atolewe nje. Funga kitambaa puani, lowanisha ukuta, sugua kwa sabuni na maji, kisha uache ukauke kabisa. Usisugue ukiwa mkavu, utatawanya mbegu. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo: hutoa hewa yenye sumu. Godoro lililoota ukungu ni afadhali litupwe. Tunajua godoro ni ghali, lakini walau mtoto asililalie. Vuta kitanda mbali na ukuta, na madirisha yafunguliwe mchana, hata kama usiku mnaogopa wezi.

Hata hivyo, msisingizie ukungu kila kikohozi. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, hasa mtoto akikonda au akiishi na mgonjwa wa kifua kikuu, kichunguzwe. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa miaka 1 hadi 5, ni hatari. Vivyo hivyo mbavu zikibonyea, midomo ikigeuka buluu, au mtoto akishindwa kunywa. Mleteni saa hiyohiyo, hata usiku.

Na akiandikiwa dawa ya pumu ya kuvuta, mpeni kama mlivyoelekezwa. Wazazi wengi huificha kabatini wakidhani mtoto ataizoea kama mlevi na pombe. Sivyo.

Yule mtoto alihamishiwa chumba cha mbele, baba akapanda kuziba bati. Masika iliyofuata tulimwona tena hospitalini. Safari hii alikuwa amekanyaga msumari wa bati, tukamchoma sindano ya pepopunda.