Mkate Mkavu wa Wagibeoni na Video Tusizozijua

Fungu la kusoma: Yoshua 9:3-21



Wagibeoni walipotaka kumdanganya Yoshua hawakuja na mikuki. Walikuja na mkate mkavu wenye ukungu na viatu vyenye viraka, wakasema wametoka nchi ya mbali. Wakuu wa Israeli waliutazama mkate wakaamini, wala hawakumwuliza Bwana. Wakaapa. Baada ya siku 3 walijua kwamba watu wale ni jirani zao, lakini kiapo hakikuweza kurudishwa.

Tunalikumbuka fungu hili kwa sababu ya video zinazoingia katika simu zetu. Sisi tulioacha nyumba na ndugu, tukiambiwa kuna video ya kijiji chetu, au ya majina ya wanaosafiri, kidole hubonyeza kabla moyo haujauliza. Wadanganyifu wanaijua njaa hiyo.

Jambo hili si geni. Januari 2007, dhoruba ilipoipiga Ulaya, watu wengi walipata barua pepe zenye habari za vifo, pamoja na faili lenye jina "Full Video.exe". Halikuwa video. Lilikuwa programu iliyowapa wageni mamlaka juu ya kompyuta zao. Mwaka 2008 kirusi kiitwacho Koobface kilipita katika Facebook. Ujumbe ulitoka kwa rafiki, nao ulimtaka mtu aweke Flash Player mpya ndipo aone video. Aliyekubali aliweka kirusi, nacho kikawatumia rafiki zake ujumbe kama ule. Flash Player yenyewe iliachwa mwisho wa 2020. Anayekuambia uiweke leo anakudanganya.

Basi tufanye nini?

1. Tutazame mwisho wa jina la faili. Video kwa kawaida huishia na .mp4, .3gp au .mkv. Likiishia na .exe kwenye kompyuta, au .apk kwenye simu za Android, hiyo ni programu, hata ikiitwa "harusi.mp4.apk".

2. Video ikidai uweke programu, utoe namba ya siri, au uiruhusu isome ujumbe wako, ifunge.

3. Tumpigie aliyetuma na kumwuliza. Huenda simu yake imetekwa naye hajui.

4. Tuwafundishe watoto wetu, maana wao ndio wanaotafuta filamu za bure.

Kama umekwisha kufungua, usifiche kwa aibu. Zima data, ondoa programu ile, badilisha namba zako za siri ukitumia simu nyingine, uwaonye jamaa. Katika simu moja mna pesa ya chakula cha nyumba nzima, na namba za ndugu waliobaki kule. Mtu mbaya akizipata, hasara haiishii kwako.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Wakuu wa Israeli walichunguza nini, na waliacha kuuliza nini?

2. Ni habari gani inayoweza kutufanya tubonyeze bila kufikiri?

3. Nani katika nyumba yetu tutamwuliza kwanza?

Bwana atupe subira ya kuuliza kabla ya kupokea. Amina.