SOMO LA UCHUMI WA NYUMBANI: KEKI YA JIBINI KWA MAZIWA YA JIONI



Somo hili limeandaliwa ili lisomwe katika mikutano ya vyama vya msingi, hasa katika vikundi vya akina mama na vijana. Linaeleza namna ya kuoka nyumbani keki ya jibini yenye tabaka la chini la kakao na michirizi ya embe juu yake. Huenda mwanachama akauliza: keki inahusiana nini na ushirika wa wakulima wa pamba na wafugaji? Jibu limo katika maziwa.

Mfugaji wa Suguti na vijiji jirani vya Musoma Vijijini hukamua asubuhi na jioni. Maziwa ya asubuhi huweza kufika kwa mnunuzi yangali mazima. Ya jioni hulala, na pasipo jokofu huchachuka kabla ya kukucha. Wazee wetu walijua dawa yake: waligandisha mtindi, wakasukasuka, wakapata siagi na samli. Jibini ni njia nyingine ya kuyapa maziwa maisha na thamani zaidi. Wala keki ya jibini si jambo jipya duniani. Mrumi Cato, katika kitabu chake cha kilimo cha karne ya 2 kabla ya Kristo, alieleza keki ya jibini, unga na yai.

1. Kutengeneza jibini

Chukua lita 4 za maziwa mabichi, safi, yasiyoongezwa maji. Yachemshe huku ukikoroga ili yasiungue chini. Hatua hii isirukwe kamwe. Maziwa mabichi yaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na vya kifua kikuu, na magonjwa yote mawili humpata binadamu. Ndimu haitoshi kuviua vijidudu hivyo. Moto ndio kinga.

Yakichemka, epua, ngoja dakika chache, kisha tia maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja cha chakula. Vijiko 6 hadi 8 hutosha kwa kawaida. Maziwa yatajitenga: mabonge meupe yataelea katika maji ya rangi ya kijani-njano. Hapo acha kutia ndimu. Mimina katika kitambaa safi kilichochemshwa, ning'iniza kwa muda wa saa moja, ukipokea maji yake katika sufuria. Maji hayo yasimwagwe; yafaa kupikia uji au kukandia chapati. Utapata kiasi cha gramu 600 za jibini, au zaidi maziwa yakiwa na mafuta mengi.

2. Mahitaji mengine

Kwa tabaka la chini: biskuti za kawaida gramu 200, unga wa kakao vijiko 2 vya chakula, siagi gramu 80. Kakao hulimwa hapa nchini, hasa Kyela mkoani Mbeya, ambako nayo huuzwa kupitia vyama vya ushirika.

Kwa jibini: mayai 3, sukari gramu 150, mtindi mzito kikombe kidogo, unga wa ngano kijiko 1 cha chakula.

Kwa michirizi: embe moja kubwa lililoiva na sukari vijiko 3. Papai au pasheni hufaa pia.

3. Kuoka

Ponda biskuti ziwe unga, changanya na kakao na siagi iliyoyeyushwa, kisha shindilia katika chombo cha kuokea chenye upana wa sentimita 20. Ponda embe, lichuje, lipike na sukari hadi liwe zito, liache lipoe. Rojo jepesi litazama na kulowesha keki.

Pitisha jibini katika chekecheke mara mbili ili lilainike. Changanya na mtindi, sukari na unga. Mayai yawe ya mwisho, moja moja, bila kupiga kwa nguvu. Hewa nyingi huiumua keki motoni, kisha huifanya itumbukie na kupasuka. Mimina juu ya tabaka la kakao. Dondosha rojo la embe sehemu mbalimbali, kisha pitisha ncha ya kisu polepole ili kuchora michirizi.

Asiye na tanuri atumie sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, ipashwe moto kwanza. Weka chombo juu ya mchanga, funika, tia makaa machache juu ya kifuniko. Moto uwe wa chini wakati wote. Moto mkali hukaza mayai na kukamua maji. Baada ya kiasi cha saa moja, tikisa chombo kidogo: pembeni pakiwa pamekaza na katikati pakitetemeka, keki imeiva. Ondoa makaa, acha ipoe humo humo, kwani baridi ya ghafla huipasua. Isiyo na jokofu iliwe siku hiyo hiyo.

4. Hesabu ya kikundi

Hapa ndipo vikundi vingi hupotea. Maziwa ya nyumbani huonekana kuwa ya bure, kwa hiyo hayaandikwi. Si ya bure: yangeweza kuuzwa. Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Kila kikundi kiweke bei za soko lake.

Maziwa lita 4 kwa sh. 1,500: sh. 6,000
Biskuti, kakao na siagi: sh. 7,000
Mayai, sukari, mtindi, unga, embe na ndimu: sh. 4,000
Mkaa: sh. 1,000
Ujira wa mwokaji: sh. 2,000
Jumla ya gharama: sh. 20,000

Keki ikikatwa vipande 10 na kila kipande kuuzwa kwa sh. 2,500, mapato ni sh. 25,000 na ziada ni sh. 5,000. Lakini vipande viwili tu vikikosa mnunuzi, mapato ni sh. 20,000 na ziada imekwisha. Vitatu vikibaki, kikundi kimekula mtaji wake, ingawa katika mkoba mna fedha na kila mmoja anaona biashara inakwenda.

Kwa hiyo keki hii iokwe kwa oda, na malipo ya awali yatosheleze angalau vitu vya dukani. Harusi, ubatizo na mahafali ni nafasi nzuri. Chama kisikopeshe kikundi fedha za tanuri kabla ya kuona daftari la keki zilizookwa kwa sufuria na kuuzwa zote. Katibu aandike maziwa ya kila mwanachama kwa lita na kwa jina, ili siku ya kugawana ziada pasiwe na manung'uniko. Fitina huingia katika ushirika kwa mlango wa hesabu zisizoandikwa.

5. Maswali ya kujadili mkutanoni

(a) Kwa nini maziwa yachemshwe kabla ya kutiwa ndimu?
(b) Kwa bei za soko lenu, keki moja ni gharama gani, maziwa yakihesabiwa?
(c) Ni vipande vingapi vikibaki ndipo ziada yote huisha?
(d) Je, maziwa yale yale yangelipa zaidi yakiuzwa kama mtindi?

Kikundi kitakachoona kwamba mtindi unalipa zaidi kisione haya kuacha keki. Kitakuwa kimefaulu somo hili.