Picha Isiyo na Sura ya Kitu

Mtu akionyeshwa picha, neno lake la kwanza huwa, "Ni picha ya nini?" Akiambiwa ni twiga, naye akimwona twiga, huridhika. Sisi tuliokulia Mikumi, kando ya mbuga, tumezoea picha za namna hiyo. Lakini ziko picha nyingine ambazo hazina sura ya kitu chochote, nazo hazikufanywa kwa rangi peke yake, bali kwa karatasi, nguo, nyuzi na udongo, hata ukipitisha kidole juu yake unasikia vilima na mabonde. Wengi husema kazi hiyo ni ya kubahatisha tu. Mimi sikubali, na hapa nitaeleza sababu zangu.

Nchi jirani ya Uganda yuko fundi mmoja, Bwana Sanaa Gateja, aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950. (Jina hilo la Sanaa ni neno letu hili hili.) Alisoma Italia, kisha London, ambako alijifunza kutengeneza mapambo ya vito. Aliporudi kwao alifundisha watu wengi, hasa akina mama, kutengeneza shanga kwa karatasi zilizotupwa. Shanga hizo hushonwa kwa maelfu juu ya nguo ya gome, zikawa picha kubwa za kutundikwa ukutani. Mwaka 2022 kazi zake zilionyeshwa katika maonyesho ya Carnegie International, mjini Pittsburgh, Marekani.

Tutazame kwanza hiyo nguo. Hutoka katika mti uitwao mutuba, wa jamii ya mkuyu. Wakati wa mvua gome hubanduliwa kwa uangalifu, na shina lililobaki wazi hufungwa majani ya mgomba ili mti usife, nao huota gome jingine. Gome hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza mifuo mipana, halafu myembamba, mpaka linatanuka na kulainika, kisha huanikwa juani likageuka rangi ya udongo wa kuchoma. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa wanadamu wote.

Ushanga nao una siri yake. Karatasi hukatwa vipande virefu vya pembe tatu. Fundi huanza kuviringisha upande mpana juu ya kijiti, akimalizia kwa ncha iliyopakwa gundi, na kwa hiyo ushanga hutoka mnene katikati. Sasa angalia: katika karatasi yote ile, kinachobaki kuonekana nje ni kingo zake na ile ncha tu. Picha na maandishi mengine yote yamezama ndani. Basi hakuna awezaye kupanga kila doa mapema. Lakini aliyeviringisha shanga elfu moja akiitazama karatasi hujua itatoa rangi gani, ingawa hawezi kukueleza amejuaje. Mkono umekwisha kujifunza.

Jambo hilo si geni kwetu. Mama anapokandika nyumba hapimi maji kwa kikombe. Huufinya udongo, akaongeza majani makavu au akaacha. Na wachonga vinyago wa Kimakonde wana mtindo waliouita mawingu, usiofuata umbo kamili la mtu wala mnyama, na hakuna anayewaambia kwamba wanabahatisha.

Muhula uliopita nilitengeneza ubao wangu kwa vitu vya hapa Kilosa: gunia, karatasi za madaftari ya zamani, gundi ya unga wa muhogo, singa za mkonge kutoka Kimamba, na udongo mwekundu niliotoka nao nyumbani. Udongo mtupu ukikauka hupasuka. Ukichanganywa na mchanga laini na singa zilizokatwa fupi, hushika, na rangi huingia katika singa kwa kina kisicholingana, jambo ambalo brashi haiwezi kulifanya.

Siku ya wazazi ubao huo ulitundikwa darasani. Baba yangu, aliyefanya kazi ya mkonge miaka mingi, alisimama mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiki ndicho kinachokula saa zako za hesabu?"

Nilinyamaza. Alinyosha mkono, akaisugua pembe ya chini kwa kidole gumba.

"Singa hizi hazikupigwa brashi," akasema. "Nani kakupa?"

Hakuwa ameuliza ni picha ya nini. Nilimwambia kwamba nataka kuendelea na masomo ya sanaa nikimaliza kidato cha nne. Alijibu kuwa mtihani ni mwezi wa Novemba, na maneno hayo tutayazungumza baadaye. Hatujayazungumza bado. Ila alipokuja tena aliniletea fungu dogo la singa nyeupe, safi, zilizopigwa brashi.

Nataka kutengeneza ubao wa pili kabla ya mtihani, nao utahitaji shanga nyingi. Yeyote mwenye daftari lililokwisha au karatasi za majaribio asizitupe. Aziache katika kasha lililo mlangoni mwa chumba cha kazi za mikono. Karatasi zenye wino mwekundu wa walimu ndizo nzuri zaidi.