SOMO LA UFUNDI: TULIFANYE UPYA SANDUKU LA SPIKA KUUKUU



Spika nyingi za zamani hutupwa kwa sababu sanduku limechakaa, kumbe spika yenyewe bado nzima. Leo tujifunze kulirudishia sanduku sura yake.

1. Tuzime redio, tuchomoe waya. Tuweke alama: waya upi ulikuwa kwenye +, upi kwenye –. Spika mbili zikifungwa kinyume, sauti nzito hupungua.

2. Tufungue skrubu, tutoe spika na kuifunika. Karatasi yake huchanika upesi, na sumaku huvuta vumbi la chuma.

3. Nyufa tuzizibe kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa mbao. Lakini tundu lililowekwa na kiwanda tusilizibe. Hilo lina kazi yake.

4. Tusugue kwa msasa namba 120, kisha 220, kufuata nyuzi za mbao. Tupake vanishi nyembamba mara mbili. Ya kwanza ikauke kabisa.

5. Mbele tuweke kitambaa chepesi. Tukikipuliza, pumzi ipite.

HADHARI! Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Vumbi lake huharibu ubongo wa watoto, hata likiwa kidogo. Rangi hiyo tusiisugue kavu, tuilowanishe kwanza. Kazi ifanyike nje, watoto na wajawazito wakae mbali. Vumbi tulifute kwa kitambaa kibichi, kisha tunawe kabla ya kula. Redio nzuri isitugharimu mtoto.

MASWALI
1. Kwa nini tunaweka alama kwenye waya?
2. Vumbi la rangi ya zamani lina hatari gani?