Nisimame wapi Aintree?

Swali: Mwanangu anayeishi Liverpool amenikatia tiketi ya Grand National, mbio za farasi katika uwanja wa Aintree, mwezi Aprili. Nitaonaje vizuri?

Jibu: Kaa jukwaani, mama, karibu na mstari wa kumalizia. Farasi hadi 34 huzunguka uwanja mara mbili, takriban kilomita 7, wakiruka viunzi 30. Wakiwa upande wa mbali, wafuate kwenye skrini kubwa. Kiunzi kirefu kuliko vyote, The Chair, na kile cha maji viko mbele ya jukwaa, navyo hurukwa mara moja tu, usigeuke kuzungumza!

Ila kabla ya mbio nenda wanakotembezwa farasi. Hapo, kwangu mimi, ndipo penye utamu: utamwona aliyetulia, masikio mbele, na anayetoka jasho kwa wahaka. Vaa koti na viatu vya kutembelea.