Bughudha na Amri ya Zuio katika Sheria ya Uingereza

Makala haya yanadhamiria kuchunguza jinsi sheria ya Uingereza inavyomkinga mtu anayeandamwa kwa maneno, hasa yaandikwayo katika intaneti. Msomaji wa fasihi ataona ajabu kwamba mahakama haianzi kwa kulipima neno lenyewe. Huanza kwa kuhesabu.

Kabla ya 1997 kosa hili halikuwa na jina lake. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ilimpa zuio msichana aliyesumbuliwa kwa simu na mwanamume aliyewahi kuwa rafiki yake, lakini iliwabidi majaji wapitie sheria ya ardhi, ile inayomlinda mwenye nyumba dhidi ya moshi na kelele za jirani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya wazazi wake! Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, liliifunga njia hiyo mwaka 1997. Wiki chache zilizotangulia, Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha Sheria ya Ulinzi dhidi ya Bughudha.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, kinachokatazwa ni mwenendo, na mwenendo dhidi ya mtu mmoja sharti uonekane angalau mara mbili. Usemi nao ni mwenendo. Tusi moja, hata liwe chungu vipi, halitoshi. Aidha, si lazima mtendaji awe alinuia kubughudhi. Yatosha kwamba mtu mwenye busara, akijua anayoyajua yeye, angetambua kuwa hiyo ni bughudha.

Bughudha yenyewe haikufafanuliwa. Sheria yasema tu kuwa ni pamoja na kumtia mtu hofu au kumfadhaisha. Hapa mfasiri hukwama. 'Kero' ni nyepesi mno, kwa kuwa mwaka 2006 Baraza la Malodi lilisisitiza kwamba maudhi ya kawaida ya maisha hayahesabiki mpaka yafikie kiwango cha uonevu usiokubalika. 'Unyanyasaji' nao hudokeza mwenye nguvu na mnyonge, ilhali anayebughudhi aweza kuwa ndiye mnyonge. Nimechagua 'bughudha' nikiijua kasoro yake: asili yake katika Kiarabu ni chuki, na ilhali anayempelekea barua mia za mahaba mtu aliyekwisha kumkataa naye yumo. (Washairi wetu wa malumbano yamkini wasihofu, anayejibu kwa hiari yake ameingia uwanjani mwenyewe.)

Kifungu cha 3 chamruhusu mlalamikaji kuomba fidia na amri ya zuio. Je, ikiwa mwandishi amejificha nyuma ya jina la kubuni? Mwaka 2003, katika shauri la nakala za riwaya ya Harry Potter zilizoibwa kabla ya siku ya kutolewa, Mahakama Kuu ilikubali kuwazuia watu wasiojulikana majina, mradi waelezwe kwa namna inayowatambulisha. Wanaoandamwa intanetini nao huitumia njia hiyo.

Hata hivyo, zuio la muda, kabla kesi haijasikizwa, si jambo jepesi. Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 humtaka mwombaji aonyeshe kwanza kwamba yaelekea atashinda. Tangu 1891, katika kesi za kashfa, anayesema atathibitisha ukweli wa maneno yake kwa kawaida hazuiwi mapema. Ndiyo maana majaji huwa macho wanapoona kesi ya kashfa imevishwa kanzu ya bughudha ili kumnyamazisha mkosoaji.

Tahadhari hiyo ina sababu. Anayevunja zuio la kawaida la madai hufungwa kwa muda usiozidi miaka 2. Anayevunja zuio la kifungu cha 3 bila udhuru wa maana ametenda jinai, na kifungo chaweza kufika miaka 5. Hivyo lugha ya amri yenyewe ni jambo zito. Amri isemayo 'usimbughudhi fulani' humwachia mlalamikiwa kazi ya kufasiri neno ambalo hata Bunge halikulifasiri. Isemayo 'usimpelekee ujumbe, usichapishe picha yake wala anwani yake' humwonyesha mpaka ulipo kabla hajauvuka.